Gitaa kavu na chupa ya Fanta: jibu kwa mwimbaji wa Kayole

SWALI: Hujambo, mwalimu. Mimi ni msichana wa Kayole, napiga gitaa kavu na kuimba. Nyimbo saba nimezitunga mwenyewe kwa Kiswahili, na mbili ni za Kiluhya nilizofundishwa na nyanya yangu. Nimejiwekea shilingi 150,000 nirekodi albamu. Prodyuza niliyempata anasema gitaa na sauti pekee ni demo, si albamu; anataka kutia ngoma na besi katika kila wimbo, la sivyo redio hazitaugusa hata mmoja. Marafiki nao wanasema albamu zimepitwa na wakati, nitoe wimbo mmoja mmoja. Nimsikilize nani? Na nitajuaje kama watu wameipokea kazi yangu?

JIBU: Mdogo wangu, kabla ya kukujibu nikiri kosa langu moja.

Nilipokuwa fundi mitambo kijana, katika studio ndogo ya ghorofa ya tatu si mbali na River Road, aliletwa mzee mmoja kutoka Kisa, huko magharibi mwa Kenya, mpiga gitaa wa omutibo, mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya. Alikuja na gitaa lake, mwanawe, na chupa tupu ya Fanta iliyofungwa kwa gazeti. Ile chupa ya zamani ya kioo, yenye mikato ya mviringo mwilini. Kazi ya mwana ilikuwa kuiparuza na kuigonga kwa kipande cha chuma huku baba akipiga na kuimba. Mimi, kwa ujuvi wa ujana, nikawaambia chupa waiweke kando, kompyuta yangu ina kayamba na njuga za kila aina. Nikatia kayamba moja iliyonyooka kama rula. Mzee akapiga mara nne, na mara zote nne akajikwaa palepale, mwisho wa ubeti. Kisha akaliegemeza gitaa ukutani, akamwuliza mwanawe jambo kwa lugha yao. Kijana akakataa kunitafsiria. Tulipokuwa tukishuka ngazi ndipo akaniambia: "Baba anauliza, huyo wa kayamba mbona hasikilizi?"

Katika omutibo, kidole gumba hushika besi, kidole cha shahada huchora sauti ya juu, na mwimbaji akitaka kulivuta neno, gitaa humngoja. Chupa nayo hulingoja gitaa. Yule mzee hakuwa anakosea. Alikuwa anavuta pumzi mwisho wa ubeti, na kayamba yangu ikampita mbio. Rekodi ile tuliimaliza hivyo hivyo, nikaikatakata na kuiunga hadi ikanyooka, na mpaka leo sijapata moyo wa kuisikiliza mara ya pili.

Prodyuza wako anakupeleka kule kule nilikompeleka mzee. Simlaumu. Amezoea kuanza na biti, kisha mwimbaji anaimba juu yake, na kwa muziki wa klabu hiyo ndiyo njia yenyewe. Wimbo wa gitaa kavu hujengwa kinyume: kuna mtu mmoja anayepumua, na chochote kitakachoongezwa lazima kipumue naye. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni fupi. Usitie ngoma. Ukitaka kitu kingine ndani ya wimbo, mlete binadamu akipige mkiwa mmeketi pamoja, awe ni nyanya na makofi yake.

Usikubali pia kuambiwa gitaa na sauti ni demo. Hapa kwetu hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yenyewe. Fundi Konde alirekodi gitaa na sauti miaka ya 1940 na 1950, na George Mukabi, bingwa wa omutibo, akaifuata njia hiyo hadi alipouawa mwaka 1963. Wakati huo watu walikusanywa mbele ya maiki, wakapiga, na kilichoingia ndicho kilichouzwa kwenye santuri. Mwaka 2017, zaidi ya miaka hamsini baada ya kifo cha Mukabi, nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya Marekani katika albamu iitwayo Furaha Wenye Gita. Ukiisikiliza utasikia gitaa, sauti, na chupa. Sijasikia mtu akiuliza ngoma ziko wapi.

Lakini mfano ninaotaka ukae nao ni wa Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akawa miongoni mwa waliounda African Heritage Band hapa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi kamili yenye vyombo vyake vyote. Katikati ya miaka ya 1980 akaenda Uingereza na nyatiti, zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane, akawa anapigia wapita njia huko London, hadi watu wa tamasha la WOMAD wakamsikia. Mwaka 1993 kampuni ya Real World, ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo, maana yake "ni mchanga tu". Isikilize usiku taa zikiwa zimezimwa. Mtu aliyekwishapiga na bendi nzima aliamua kubaki na nyatiti, sauti, na vikorombwezo vichache. Hakukosa wapigaji. Alijua nyatiti tayari ni bendi: kwa desturi mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, vidole vinavuta nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ubao, njuga za kifundoni zinaitikia. Ukiongeza ngoma hapo utakuwa umemfunika mpiga ngoma aliyekuwepo.

Sasa angalia ilivyopokelewa. Wasikilizaji wa muziki wa dunia huko Ulaya waliipenda tangu mwanzo, ila kwa Wakenya wengi wimbo wake wa Kothbiro, "mvua inakuja", ulifika kwa mlango wa nyuma, ndani ya filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa kwa sehemu papo hapo Kibera. Hesabu mwenyewe: albamu 1993, filamu 2005. Miaka kumi na miwili. Na wimbo wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko albamu, maana bendi ya Black Savage, aliyokuwa nayo ujanani, iliurekodi miaka ya 1970 kwa vyombo vya umeme. Kilichoingia filamuni ni ule wa mtu mmoja na nyatiti yake. Ogada alifariki mwaka 2019, na matangazo ya kifo chake karibu yote yaliutaja wimbo huo.

Sikuahidi filamu, mdogo wangu. Nataka tu uone mwendo wa albamu za namna hii. Haziruki Ijumaa na kufa Jumatatu. Huenda polepole, kwa hiyo zinataka kuandaliwa kama mtu anayesafiri mbali: sauti safi, na makaratasi kamili.

Nianze na sauti, kwa sababu uchache hauna pa kujificha. Ngoma na besi hufunika makosa mengi: uzi ulioachia, kiti kinacholia, jirani anayefungua geti. Ukirekodi gitaa na sauti tupu, kila kitu kinaingia. Na wewe unaishi Nairobi. Nimerekodi albamu nzima nikikimbizana na jogoo mmoja wa Umoja ambaye hakujua saa. Wakati wa kufanyia kazi ni kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, baada ya baa kufunga na kabla ya adhana na makanga. Epuka msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kama chumba kimeezekwa mabati, kwa maana tone moja juu ya mabati hakuna fundi wa kulifuta. Januari na Februari ni miezi mizuri, na Julai pia, ila ile baridi ya Julai hukunja vidole na kulitoa gitaa kwenye tuni, basi lipashe chumbani nusu saa kabla.

Studio yenye sifongo ukutani si lazima. Chumba cha kulala chenye godoro lililosimamishwa, kabati la nguo lililofunguliwa na blanketi mbili nyuma yako kinaweza kushinda vyumba vingi vya kukodi pale mjini. Kompyuta itumie betri wakati wa kurekodi, chaja iwe imechomolewa. Umeme wetu una mvumo wake wa hezi 50 ambao mara nyingi huingia kwenye maiki kama nyuki aliyefungiwa kopo. Maiki ya kondensa ielekee pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo lake, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mngurumo wa pipa. Rekodi kwa biti 24 (hicho ni kipimo cha ubora wa rekodi, si biti ya ngoma), na usipandishe sauti hadi taa nyekundu. Acha nafasi, itapandishwa baadaye.

Je, uimbe na kupiga kwa pamoja, au gitaa kwanza na sauti baadaye? Hapa mafundi hugombana, nami nina upande wangu. Pamoja. Ndiyo, sauti itaingia kwenye maiki ya gitaa na gitaa kwenye maiki ya sauti, na kumiksi, yaani kuzichanganya sauti hizo, kutakuwa kugumu. Lakini mtu aliyezoea kujipigia huku anaimba, ukimtenganisha, gitaa hubaki bila mtu. Utasikia mkono unaopiga vizuri sana na haujui wimbo unahusu nini. Zima kliki, ule mlio wa kompyuta wa kupimia mwendo. Piga kila wimbo mara tatu au nne, kisha uende ukalale. Kesho yake chagua ule uliokufanya usahau kwamba unarekodi, hata kama una kosa dogo. Ukifika mara ya kumi na tano, ujue wimbo bado haujaiva, urudi nao nyumbani.

Pesa zako zinatosha usipozigawa ovyo. Siku za studio zitakula sehemu kubwa, basi nenda ukiwa umeshaufanyia mazoezi kila wimbo mbele ya watu, maana saa ya studio si saa ya kujifunza ubeti. Anayemiksi na anayemasta, yaani anayeinyoosha rekodi mara ya mwisho, wasiwe mtu mmoja. Masikio yaliyochoka hayasikii yaliyoyachosha. Na anayemasta akikuambia atakupandishia sauti ishinde za wengine, mwambie asijisumbue. Spotify, kwa mfano, husawazisha nyimbo hadi karibu kipimo kimoja, takriban LUFS 14 chini ya sufuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo wimbo uliobanwa kwa nguvu unashushwa kama wenzake, na kilichobaki ni ule mbano tu. Bakiza angalau robo ya pesa kwa ajili ya picha, uzinduzi na nauli. Nimeona albamu nzuri zikilala ndani ya kompyuta kwa sababu mwenyewe alimaliza hata shilingi ya kupeleka redioni.

Kuhusu albamu au wimbo mmoja mmoja, marafiki zako wako sahihi nusu. Toa nyimbo mbili mbele, mwezi baada ya mwezi, zikupigie hodi. Lakini nyimbo tisa za mtu mmoja na gitaa moja hujibizana: wa nne unaeleweka kwa sababu ya wa pili. Ukizimwaga moja moja kwa mwaka mzima utakuwa na matangazo tisa na hakuna kazi. Dakika 30 hadi 35 zinatosha kabisa.

Sasa makaratasi, na hapa naomba usome polepole.

Unaujua wimbo Malaika. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba kwenye albamu yao ya 1965, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na wengine wengi ambao sitawahesabu hapa. Wimbo wa mapenzi ya mtu asiye na mahari, ukazunguka dunia nzima. Na swali la nani aliutunga halijaisha: Adam Salim alidai ni wake tangu miaka ya 1940, wengine wakadai pia, na Fadhili alikufa mwaka 2001 ubishi ungalipo. Siingii kuamua kati yao. Ninachokitazama mimi ni kwamba wakati wimbo unazaliwa hapakuwa na karatasi ambayo wote wangeikubali, na ulipoanza kuleta pesa karatasi ndiyo iliyotafutwa.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, utunzi wako unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Rekodi yenyewe ni mali nyingine, ina ulinzi wake wa miaka 50, na sheria inamtambua kama mwenyewe yule aliyefanya maandalizi ya kurekodi. Kwa hiyo, ukiwa wewe ndiye unayelipa, andikiana na prodyuza kabla hajabonyeza kitufe: amelipwa kazi yake, rekodi ni yako, jina lake litatajwa. Mkikubaliana apate asilimia ya mapato badala ya malipo kamili, iandikwe asilimia ya nini. Dai pia faili za kila chombo peke yake, uzihifadhi mahali pawili. Siku filamu ikija, hiyo miaka kumi na miwili baadaye, watataka gitaa bila sauti, na prodyuza atakuwa ameshabadilisha kompyuta mara tano.

Sajili nyimbo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kisha kuna vyama vya kukusanya mirabaha, na vitatu ambavyo wasanii wengi wamevichanganya kwa miaka ni hivi: MCSK ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji, KAMP ya wenye rekodi; leseni zao hubadilika, basi uliza KECOBO kwanza ni chama kipi kina leseni sasa. Wewe kwa albamu hii ni wote watatu kwa mpigo. Malalamiko juu ya hundi zao nimeyasikia miaka nenda miaka rudi, na mengine nimeyatoa mimi, lakini asiyejisajili hana hata pa kulalamikia. Hakikisha kila wimbo una namba yake ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12. Ndiyo kitambulisho cha rekodi popote itakapochezwa.

Nyimbo mbili za nyanya zinataka adabu yake. Usiandike kwamba umezitunga. Kama ni za jadi, za harusi au za kubembeleza mtoto, andika "wa jadi, umepangwa na" kisha jina lako, na utaje ulikojifunza. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, na hata isingekuwepo, kuna shangazi atakayesikiliza. Ila muulize nyanya kwanza. Huenda mmoja kati ya hizo aliutunga yeye mwenyewe akiwa msichana na hakuwahi kumwambia mtu, nami nimeshakutana na jambo hilo mara mbili. Ikiwa ndivyo, yeye ni mtunzi kamili, jina lake liandikwe na fungu lake litengwe.

Nimebakiza mapokezi. Redio? Prodyuza wako hadanganyi, stesheni kubwa za vijana huenda zisikucheze. Lakini nyimbo mbili za Kiluhya zina stesheni zake, na vipindi vya usiku vya Kiswahili hutafuta sauti ya kutuliza watu. Peleka mwenyewe, umfikie mtangazaji wa kipindi hicho na si dawati la mbele. Uzinduzi fanya mahali watu wanapokaa kitako. Alliance Française imewalea wanamuziki wa mtindo wako kwa miaka mingi, na hata ukumbi wa kanisa wenye viti hamsini unafaa kuliko baa yenye watu mia tatu wanaongoja nyama. Umati wa Nairobi hucheza kwanza na kusikiliza baadaye, na wewe unahitaji wale wa baadaye.

Namba za mtandaoni zitakuvunja moyo ukizisoma vibaya. Spotify huhesabu wimbo ukisikilizwa sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi kumi na miwili haulipwi kitu. Ndiyo maana utashauriwa uukate utangulizi wa gitaa. Kwa zile mbili unazozitanguliza, sawa, kata. Za ndani ziache zikaribishe wageni kwa mwendo wake. Mimi huangalia jambo jingine: waliorudi. Watu 200 waliorudia albamu mara tano wananiambia mengi kuliko elfu moja waliopita njia. Na husikiliza ukumbini ni ubeti gani watu wameanza kuuimba bila kuombwa.

Watakavyokuelewa hutawapangia. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet wakimwimba "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vilimani huko. Hawakujua neno lake hata moja, wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamtungia wimbo mtamu kuliko mingi ya kwake. Kama hayo si mapokezi, sijui mapokezi ni nini.

Prodyuza wako usimwache bado. Mwombe mrekodi wimbo mmoja, bila kliki, wewe ukiimba na kupiga kwa pamoja, kisha mketi mwusikilize bila mtu kusema neno. Akinyamaza hadi mwisho, fanya naye kazi. Na gitaa lako livalishe nyuzi mpya siku mbili kabla, ulipige sana hiyo siku ya katikati. Ukizivalisha asubuhi ya kurekodi zitakuwa zinalegea kila baada ya ubeti.